Uzi: Udhaifu wa ulinzi wa kumbukumbu ndani ya prosesa, na kompyuta za mtumba tunazonunua Kariakoo

#1 Mleta mada

Wakuu, habari za jioni.

Jumamosi iliyopita nilimsindikiza binamu yangu Kariakoo kununua laptopu ya mtumba, kwa kuwa anaanza chuo na fedha aliyopewa haifikii mashine mpya. Baada ya kuzunguka sana tuliingia duka moja la ghorofani karibu na Mtaa wa Aggrey, tukawekewa mezani laptopu mbili ambazo kwa macho zilikuwa pacha: zote Core i5 ya kizazi cha nane, zote RAM ya gigabaiti 8, na bei moja. Muuzaji, kijana mwenye adabu na anayeijua biashara yake, alituambia tuchague tu ile ambayo kibodi yake haijachakaa. Huwa natembea na flashi yenye mfumo endeshi wa Linux, hivyo nilimwomba ruhusa, nikaziwasha zote mbili kwa flashi hiyo na kuandika amri moja:

grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*

Laptopu ya kwanza ilikuwa na prosesa i5-8250U, ya mwaka 2017. Kwenye mstari wa meltdown ilijibu "Mitigation: PTI", yaani udhaifu umo ndani ya prosesa na mfumo endeshi unaufunika kwa kiraka. Ya pili ilikuwa na i5-8265U, ya mwaka 2018, na mstari ule ule ukasomeka "Not affected", yaani udhaifu huo haumo. Hapakuwa na stika, karatasi wala neno la muuzaji lililozitofautisha mashine hizo mbili. Tulichukua ya pili, lakini njia nzima ya kurudi nyumbani nilikuwa nikimfikiria atakayeichukua ya kwanza, na ndiyo sababu ya uzi huu.

Naomba nieleze kwa kirefu kidogo, kwa sababu jambo hili mara nyingi huelezwa kwa kutishana tu.

Kompyuta hugawa kumbukumbu yake katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096 kila mmoja, na kila ukurasa una ingizo lake katika jedwali linaloeleza ukurasa huo uko wapi na nani anaruhusiwa kuugusa. Ndani ya ingizo hilo kuna biti moja tu inayotenganisha ukurasa wa kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na ukurasa wa programu za kawaida. Intel waliingiza utaratibu wa kurasa katika prosesa ya 80386 mwaka 1985, na mifumo endeshi tunayoitumia leo imejengwa juu ya imani kwamba biti ile ikisema hapana, basi ni hapana. Nywila uliyoandika sasa hivi, funguo za usimbaji wa diski yako, na faili alilolifungua mtumiaji mwingine wa mashine hiyo hiyo, vyote vinategemea biti hiyo.

Sasa chukulia mama lishe anayewajua wateja wake. Akimwona fundi wa gereji anavuka barabara, anatia mafuta kikaangoni na kuanza chipsi mayai kabla fundi hajafungua mdomo, kwa kuwa ndicho anachoagiza karibu kila siku. Siku fundi akitaka wali, chipsi zinawekwa pembeni na hakuna anayemdai mwenzake. Prosesa hufanya vivyo hivyo. Kusubiri data kutoka kwenye RAM kunaweza kuipotezea mizunguko mia kadhaa, kwa hiyo inabashiri, inatangulia kutekeleza amri zinazofuata, na ikigundua kwamba imekosea inafuta matokeo kana kwamba hayakuwahi kuwapo. Tatizo ni kwamba kikaango kinabaki cha moto.

Udhaifu unaoitwa Meltdown unatumia joto hilo. Programu ya mshambuliaji inaomba baiti moja ya kerneli ambayo haina ruhusa nayo. Prosesa inaichukua kwanza, na hukumu ya ile biti ya ruhusa inasubiri hadi amri hiyo ifikie zamu ya kukamilishwa. Katika mwanya huo mdogo wa muda, amri zinazofuata zinaipokea baiti ile, ambayo thamani yake ni kati ya 0 na 255, na kuitumia kuchagua ukurasa mmoja kati ya kurasa 256 za mshambuliaji mwenyewe. Hukumu inafika na kila kitu kinafutwa, isipokuwa ukurasa ule mmoja tayari umeingia kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Mshambuliaji anapita akizigusa kurasa zake moja moja huku akipima muda: 255 zinachelewa, mmoja unajibu upesi. Ni kama kupita mbele ya vikaango 256 ukivijaribu kwa nyuma ya kiganja. Ukurasa wa 83 ukijibu upesi, baiti ya siri ni 83, ambayo kwa herufi ni S. Anarudia kwa baiti inayofuata. Watafiti walipima kasi ya hadi kilobaiti 503 kwa sekunde kwa njia hii.

Jambo hili lilitangazwa hadharani tarehe 3 Januari 2018, pamoja na ndugu yake aitwaye Spectre. Waliogundua Meltdown ni Jann Horn wa Google Project Zero, wataalamu wa Cyberus Technology ya Ujerumani, na kundi la Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, kila upande kwa njia yake. Kundi la Graz lilikuwa limekwisha kuchapisha mwaka 2017 mbinu waliyoiita KAISER kwa ajili ya tatizo jingine dogo zaidi, na mbinu hiyo ndiyo iliyogeuka kuwa tiba: kerneli inaondoa kurasa zake kwenye jedwali ambalo programu za kawaida zinatembea nalo, ili hata prosesa ikitangulia isiwe na cha kuchukua. Hiyo ndiyo PTI iliyoandikwa na laptopu ya kwanza.

Ninachotaka tukijadili ni hiki. Prosesa yenye udhaifu huu haiwezi kurudishwa kiwandani, hivyo kinachoilinda ni masasisho ya mfumo endeshi, ya BIOS (programu inayoiwasha mashine) na ya maikrokodi (maelekezo ya ndani ya prosesa yenyewe). Sisi hapa mjini tunanunua mashine zilizokwisha kutumika ughaibuni, fundi anaziwekea Windows isiyo na leseni, kisha anazima masasisho ili bando lisiishe. Tunaondoa kile kile kilichobaki cha kutulinda.

Naomba kuwasilisha.

#2 Mchangiaji wa pili

Ahsante mkuu kwa darasa. Mimi nina antivirus ya kulipia na haijawahi kunionya lolote kuhusu jambo hili. Je, haitoshi?

#3 Mleta mada

Haitoshi, ndugu yangu. Antivirus hutafuta faili au mwenendo inaoujua kuwa mbaya. Programu inayotumia udhaifu huu haivunji mlango wowote wa mfumo endeshi wala haiandiki mahali pasiporuhusiwa. Nje ya lile ombi linalokataliwa, inasoma kurasa zake yenyewe na kupima muda, kazi ambazo programu nyingi njema nazo huzifanya. Antivirus inaweza kulitambua faili mahususi likishajulikana, lakini tendo lenyewe haliachi alama kwenye kumbukumbu za matukio za kawaida.

#4 Mchangiaji wa tatu

Mleta mada, maelezo yako ni mazuri na nakubaliana na mengi, ila kuna sehemu moja inayohitaji kusahihishwa kabla watu hawajaitegemea dukani. Neno "Mitigation" uliloliona linaeleza hali ya kerneli iliyo kwenye flashi yako. Halielezi hata kidogo Windows iliyomo kwenye diski ya mashine ile. Mtu anaweza kusoma jibu hilo, akafurahi, akachomoa flashi na kuwasha Windows iliyozimwa masasisho tangu siku ilipowekwa, na kiraka kisiwepo. Kutoka kwenye flashi, jibu la kutegemea kuhusu maunzi ni lile la "Not affected" peke yake.

Kwa Windows yenyewe, Microsoft walitoa moduli ya PowerShell (dirisha la amri la Windows) iitwayo SpeculationControl. Ukishaiweka, unaandika Get-SpeculationControlSettings na kutazama mstari wa KVAShadowWindowsSupportEnabled, ambao kwenye prosesa yenye Meltdown unatakiwa kusema True.

Niongeze pia kwamba i5-8265U mliyoichukua haina Meltdown, lakini haijatoka salama kwenye kila kitu. Agosti 2023 Daniel Moghimi alitangaza udhaifu alioupa jina la Downfall, unaogusa prosesa za Intel kuanzia kizazi cha sita hadi cha kumi na moja, na dawa yake ni maikrokodi. Mwambie binamu yako asasishe.

#5 Mleta mada

Umenisahihisha mahali panapostahili, na nashukuru kwa dhati. Nililisoma jibu la flashi kana kwamba ni la mashine. Wasomaji wa #1 naomba msome na #4 kwa pamoja. Binamu nimempigia sasa hivi, na kesho ataunganisha laptopu kwenye intaneti ya chuo ishushe masasisho yote.

#6 Mchangiaji wa nne

Wakuu, kwa heshima naomba kuwa upande wa pili. Wezi wa hapa kwetu wanatuma ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" na watu wanatuma. Wanaiba kwa kumpigia bibi simu wakijifanya watoa huduma. Nani atajisumbua kupima joto la kashe wakati neno la siri anaweza kulipata kwa kuliomba? Nina kompyuta ya zamani ofisini, na kila nikiweka masasisho inazidi kuwa nzito. Naona tunajitwisha mzigo wa watu wenye siri za serikali.

#7 Mleta mada

Hoja yako ni nzito, na sehemu yake kubwa ni kweli. Kwa mtu mmoja anayetumia kompyuta yake mwenyewe nyumbani Tabata, hatari ya kudanganywa kwa simu, au ya kuweka programu iliyokrakiwa yenye mdudu ndani, iko mbele sana ya Meltdown. Mtu akiniuliza ashughulikie lipi kwanza, nitamwambia aanze na hayo.

Lakini udhaifu huu una uzito mahali ambapo watu wasiojuana wanatumia prosesa moja, na mahali hapo ni pengi kuliko tunavyodhani. Kila tovuti unayoifungua inaendesha programu yake ndani ya prosesa yako kupitia kivinjari. Ndiyo maana Januari 2018 watengenezaji wa vivinjari waliharakisha kupunguza usahihi wa saa ambayo tovuti zinaweza kuisoma, kwa kuwa bila saa nzuri huwezi kujua kikaango kipi ni cha moto. Na mwaka huo huo Chrome wakaanza kuitenga kila tovuti katika mchakato wake. Windows 7, ambayo bado naiona kwenye ofisi nyingi za mjini, iliachwa na Chrome mwanzoni mwa mwaka 2023 kwenye toleo la 109. Mtu wa Windows 7 hapati tena viraka vipya, vya mfumo endeshi wala vya kivinjari hicho.

Kuhusu uzito, ni kweli kwamba PTI inagharimu. Kila programu inapoomba huduma ya kerneli, jedwali linabadilishwa na kurudishwa. Programu inayofanya hesabu zake kimya kimya haisikii tofauti kubwa. Hifadhidata inayosoma diski kila wakati inasikia. Prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nne, mwaka 2013, zina njia kamili ya kuweka alama kwenye kumbukumbu ya tafsiri za anwani ili zisifutwe kila jedwali linapobadilika, na njia hiyo inapunguza gharama sana. Ikiwa ya kwako ni ya kabla ya hapo, unachokisikia ni kweli, hukukosea.

#8 Mchangiaji wa tano

Mkuu wa #6, mimi nahudumia seva, na naomba nikusimulie kilichonikuta. Niliitwa kusaidia kampuni moja hapa Dar es Salaam inayokodisha nafasi za tovuti na barua pepe kwa biashara ndogo. Seva yao moja ilikuwa imebeba mashine pepe, yaani kompyuta za kuigizwa ndani ya seva moja, za wateja kumi na wanne: duka la dawa, shule, mawakili, wauza vipuri. Nilipofungua faili la kuwashia mfumo nikakuta mwishoni mwa mstari maneno mawili yaliyounganishwa na alama ya sawasawa: mitigations=off. Fundi aliyetangulia alikuwa amezima viraka vyote vya prosesa kwa pamoja, kwa sababu wateja walilalamika tovuti zinachelewa, na kasi ilipopanda wakampongeza.

Prosesa ya seva ile ilikuwa na udhaifu wa L1TF, uliotangazwa Agosti 2018. Huu ni mbaya kwa namna ya pekee. Ingizo la jedwali linaposema ukurasa haupo, prosesa haisubiri kuthibitisha. Inachukua anwani iliyoandikwa humo na kwenda kuitafuta kwenye kashe ya ngazi ya kwanza. Mteja ndani ya mashine pepe yake ndiye anayeandika majedwali yake mwenyewe, kwa hiyo anaweza kuandika anwani yoyote anayotaka, na data ya jirani ikiwa imelala kwenye kashe ile wakati huo, inasomeka. Kiraka kinataka kashe hiyo isafishwe kila mara kabla mashine pepe haijapewa zamu, na kwa usalama kamili nyuzi mbili za kiini kimoja (kazi mbili zinazoendeshwa kwa pamoja na sehemu moja ya prosesa) zisigawiwe wateja tofauti.

Mteja yeyote kati ya wale kumi na wanne, au mdukuzi yeyote aliyeingia kupitia tovuti mbovu ya mmoja wao, angeweza kujaribu kuwasoma wengine kumi na watatu. Sina ushahidi kwamba aliwahi kutokea, na kwa aina hii ya udhaifu ushahidi usingekuwapo hata kama alitokea. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Niliondoa maneno yale, nikasasisha maikrokodi, nikawaeleza wenye kampuni kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi imeanza kutumika tangu 1 Mei 2023 na kwamba taarifa za wagonjwa wa lile duka la dawa ziko mikononi mwao. Ukurasa wa ankara ulichelewa kidogo zaidi kuliko awali, na walikubali uchelewe.

#9 Mchangiaji wa sita

Habari zenu wadau. Mimi nafundisha elektroniki, na naona uzi umeegemea sana upande wa prosesa. RAM yenyewe ina ugonjwa wake, na kwa maoni yangu ni wa kushangaza zaidi kwa sababu hauhusiani na kubashiri kwa aina yoyote.

Kila biti ya RAM ni chaji ndogo ya umeme katika kapasita. Kapasita hizo zimepangwa kwa safu, na kwa kuwa chaji huvuja, kila safu husomwa na kuandikwa upya ndani ya milisekunde 64. Kadiri viwanda vilivyozidi kubana safu ili RAM ibebe zaidi, safu zilianza kusumbuana. Ukiifungua safu moja mara nyingi mno kabla ya muda wa kuburudishwa haujafika, safu ya jirani inapoteza chaji upesi, na biti iliyokuwa 1 inaweza kuwa 0, au kinyume chake. Ugonjwa huu unaitwa Rowhammer. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon wakishirikiana na Intel walipima vipande 129 vya RAM ya DDR3 na kukuta 110 vina kasoro hiyo. Katika hali mbaya kuliko zote, mara 139,000 za kufungua safu zilitosha kugeuza biti.

Waliokulia nyumba za kupanga za Magomeni watanielewa nikisema hivi: umepigilia msumari kwenye ukuta wa chumba chako, ndani ya haki yako kabisa, na picha ya jirani imeanguka upande wa pili. Hukugusa mlango wake, wala ufunguo. Jedwali la kurasa alilolieleza mleta mada halikuulizwa chochote, kwa sababu mshambuliaji amesoma kurasa zake tu.

Na sasa unganisheni hili na ile biti ya ruhusa. Jedwali la kurasa nalo linakaa kwenye RAM hiyo hiyo. Machi 2015 Mark Seaborn na Thomas Dullien wa Google walionyesha namna ya kuijaza kumbukumbu kwa majedwali mengi, kisha kugonga safu hadi biti ndani ya ingizo mojawapo igeuke na kuelekeza kwenye jedwali lenyewe. Kuanzia hapo programu ya kawaida inajiandikia ruhusa inayoitaka, na kerneli haina habari.

Viwanda vikaahidi kwamba DDR4, kizazi cha RAM kilichofuata, imepona, kwa kuweka ndani ya RAM mtambo mdogo unaozifuatilia safu zinazogongwa na kuziburudisha jirani zake. Mwaka 2020 watafiti waliougonga mtambo huo kwa safu nyingi kwa wakati mmoja walifanikiwa kwa vipande 13 kati ya 42. Mwaka 2021 kundi jingine lilibadilisha mapigo yasiwe ya mfuatano sawa, na vipande vyote 40 walivyovipima vikageuza biti. Huwa nawaonyesha wanafunzi wangu tarakimu hizi mbili ubaoni bila kusema neno kwa muda.

#10 Mchangiaji wa pili

Mwalimu, sasa mtu wa kawaida atajikinga vipi na hilo? Na simu zetu je?

#11 Mchangiaji wa sita

RAM yenye kujirekebisha makosa, ile ya seva, inasaidia lakini si kinga kamili. Mwaka 2018 watafiti wa Amsterdam walionyesha kwamba nayo inaweza kupitwa kwa uvumilivu. Baadhi ya BIOS zinakuruhusu kuongeza mara mbili kasi ya kuburudisha safu. Nje ya hapo, usiendeshe programu usiyoijua asili yake.

Simu hazikusalimika na Rowhammer, kwani mwaka 2016 ilionyeshwa kwenye simu za Android bila kuhitaji ruhusa yoyote kutoka kwa mtumiaji. Kwa upande wa kubashiri, kuna jambo linalofaa kujulikana na wanaonunua simu za bei ndogo: viini vya Cortex-A53 na Cortex-A55, vilivyomo kwenye simu nyingi za bei hiyo, hutekeleza amri kwa mpangilio na havitangulii mbali kiasi cha kuathiriwa na Meltdown na Spectre. Cortex-A75, ambacho kilikuwa kiini cha simu za gharama, ndicho kilichokutwa na Meltdown.

#12 Mchangiaji wa saba

Wakuu, nimesoma kimya tangu mwanzo. Laptopu yangu ya kazi niliiacha kwa fundi siku mbili kubadilishiwa kioo. Diski imesimbwa na niliiacha ikiwa imelala, sikuizima. Ina tundu lenye alama ya radi. Nina sababu ya kuhofu?

#13 Mchangiaji wa tatu

Alama ya radi ni Thunderbolt, na swali lako ni la msingi. Kifaa kinachochomekwa kwenye tundu hilo kinaweza kusoma na kuandika kwenye RAM moja kwa moja bila kupitia prosesa, ndiyo sababu ya kasi yake. Majedwali ya kurasa ya prosesa hayakihusu. Kinachotakiwa kukizuia ni kitengo kingine cha ulinzi kinachosimama kati ya vifaa na kumbukumbu, ambacho mashine nyingi za zamani ziliuzwa kikiwa kimezimwa. Mwaka 2020 Björn Ruytenberg wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Eindhoven alionyesha kwamba mtu aliyeachwa na laptopu ya namna hiyo kwa dakika chache, ikiwa imelala, anaweza kuingia bila nywila. Kuilaza ndilo kosa, kwa sababu funguo za diski zinabaki ndani ya RAM.

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, na utafute mstari wa Kernel DMA Protection. Ulinzi huo ulianza na Windows 10 toleo la 1803 la mwaka 2018, lakini ni lazima na mashine iwe imetengenezwa kwa ajili yake. Ukisoma On, tulia. Ukisoma Off, uwe unaizima kabisa kabla ya kumpa mtu, na zima Thunderbolt kwenye BIOS kama huitumii. Kwa siku hizi mbili zilizopita, mafundi walio wengi ni watu waaminifu, ila ningebadilisha nywila za kazi.

#14 Mchangiaji wa nne

Nimeisoma #8 mara mbili, na nakubali kwamba niliangalia upande wangu tu. Naomba niulize hili bila ubishi: viraka vyenyewe tunaviamini kwa kiasi gani?

#15 Mleta mada

Swali la haki, na jibu lina tukio lake. Kiraka cha Meltdown cha Januari 2018 kwa Windows 7 na Windows Server 2008 R2 za biti 64 kilikuja na kosa la biti moja. Ingizo la ngazi ya juu kabisa ya majedwali ya kurasa, ambalo kerneli pekee ndiyo inapaswa kuliona, liliwekwa ruhusa ya mtumiaji wa kawaida. Ni ile biti niliyoieleza mwanzoni, safari hii ikiwa imegeuzwa na mkono wa mtengenezaji. Programu yoyote iliweza kusoma na kuandika kumbukumbu yote kwa kasi ya gigabaiti kwa sekunde, bila kubashiri wala kupima muda. Ulf Frisk aligundua, na marekebisho yakatoka mwishoni mwa Machi mwaka huo. Aliyeweka kiraka cha Januari kisha akazima masasisho alibaki na mlango ulio wazi kuliko wa yule ambaye hakuweka kitu. Kwa hiyo kiraka ni cha kuaminiwa pale tu ambapo vinavyokifuata navyo vinaingia.

#16 Mchangiaji wa nane

Shikamoo wakubwa wote. Nina steshenari Mbagala yenye kompyuta tatu, na vijana wengi hujia hapa kujaza maombi ya mkopo wa HESLB na mambo ya NIDA. Jana usiku nimetengeneza flashi kama ya mleta mada na kuziwasha zote. Mbili zimejibu "Mitigation" karibu kila mstari. Ya tatu ni ya mezani, Core 2 Duo E8400, na kwenye mstari wa mds imeandika: "Vulnerable: Clear CPU buffers attempted, no microcode; SMT disabled". Naomba kutafsiriwa, kwa sababu hiyo ndiyo inayotumika kuliko zote kwa kuwa iko karibu na mlango.

#17 Mleta mada

Marahaba, na hongera kwa kuchukua hatua. Mds ni udhaifu mwingine wa prosesa wa aina hii, na mstari huo unasema kerneli inajaribu kusafisha hifadhi ndogo za ndani ya prosesa, lakini amri ya kuzisafisha inahitaji maikrokodi mpya, na maikrokodi hiyo haipo. Haitakuja pia. Prosesa hiyo ni ya mwaka 2008, ya familia ya Wolfdale, na Aprili 2018 Intel walitangaza kwamba familia hiyo, pamoja na nyingine kadhaa za umri wake, haitatengenezewa maikrokodi hata ya Spectre.

Nikuambie kama ningemwambia mdogo wangu: katika steshenari, mdudu wa kawaida anayenasa vibonyezo vya kibodi bado ni hatari kubwa kuliko hii, kwa hiyo anza kwa kuweka upya mfumo endeshi kwenye zile mbili na kuacha masasisho yaingie usiku. Ya tatu usiitupe. Itoe kwenye mtandao, ifanye kazi ya kuchapa nyaraka tu, na mteja yeyote anayehitaji kuandika nywila akae kwenye moja ya zile mbili.

#18 Mchangiaji wa nane

Nimefanya hivyo asubuhi hii. Waya wa mtandao nimeuchomoa na kuupeleka kwenye meza ya ndani, na juu ya ile Core 2 Duo nimebandika karatasi iliyoandikwa KUCHAPA TU. Zile mbili nimeziacha zinashusha masasisho. Moja imefika asilimia 61. Bando la wiki limekwisha, nimenunua jingine.